Jinsi ya kuandaa na kuhubiri mahubiri rahisi, yanayoshika watu na yasiyopotosha Neno (mwongozo kamili, Jumatatu mpaka Jumapili)

Bwana asifiwe watumishi. Leo nataka tuongelee kazi ya mimbarini kwa kirefu, hatua kwa hatua, maana naona wengi wetu tunapewa zamu ya kuhubiri lakini hakuna aliyekaa na sisi akatuonyesha inavyofanyika, tunaiga tu yule tuliyemsikia akihubiri kwa moto, alafu tunashangaa washirika wanasema ameni nyingi sana lakini ukimuuliza mmoja wao Jumatano neno la Jumapili lilikuwa nini anakumbuka wimbo wa kwaya.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mahubiri rahisi ni kazi kubwa kuliko mahubiri magumu. Mhubiri akihangaika na andiko nyumbani, msikilizaji hatahangaika kanisani, na mhubiri asipohangaika basi kanisa zima litahangaika kwa niaba yake. Kwahiyo mwongozo huu muda mwingi utakuwa chumbani kwako na Biblia, mambo ya maiki na sauti yako mwishoni na kwa ufupi.

JUMATATU: chagua fungu, usichague mada

Makosa mengi yanaanzia hapa. Mtu anaamua "Jumapili nahubiri juu ya kuvuka", anaingia kwenye simu anatafuta neno kuvuka, anapata mistari 15 kutoka vitabu 9, anaiunganisha. Hapo we ndo umeongea, Biblia imekuja kukushikia mkoba tu. Chagua fungu moja lenye mwanzo na mwisho, habari nzima, mfano mzima, au aya nzima ya waraka, na ukubali liseme lenyewe hata kama sio ulichotaka kusema. Mahubiri ya mada sio dhambi, yapo na yana nafasi yake, ila hata hayo yape andiko moja la kusimamia.

Kuhusu mwanzo na mwisho, usiamini sana namba. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya kama tuliyonayo ilitoka mwaka 1551, Marko hakuandika namba yoyote. Kwahiyo rudi juu kidogo na ushuke chini kidogo uone wazo linaanzia wapi, wakati mwingine sura imekata katikati ya mazungumzo.

Na omba. Omba ukiwa na lile fungu mbele yako, mwambie Bwana alisemeshe kwako kwanza kabla ya kwa wengine. Mahubiri ambayo hayajakugusa we mwenyewe watu wanayajua, hata kama hawatakwambia.

JUMATATU USIKU NA JUMANNE: soma mpaka uone

Soma kwa sauti. Mara moja, mara tano, mara kumi. Soma Biblia ya tafsiri ya Union Version alafu soma tafsiri ya Habari Njema, pale zinapotofautiana weka alama, hapo pana kitu cha kuchimba. Usifungue kitabu cha ufafanuzi bado na usisikilize mahubiri ya mtu mwingine ya fungu hilohilo, ukianza na mawazo ya mtu hutaona tena ya kwako.

Tuchukue Marko 4:35-41, Yesu kutuliza dhoruba, tuende nayo mpaka mwisho wa huu mwongozo. Ukiisoma taratibu unaanza kuona vitu. Ni jioni. Aliyesema "na tuvuke mpaka ng'ambo" ni Yesu mwenyewe, kwahiyo walikutana na dhoruba wakiwa katika utii. Kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye, mstari wa 36, wangapi kati yetu tumewahi kuviona? Yesu yuko "katika shetri, amelala juu ya mto". Simama hapo. Shetri ni nini? Ni sehemu ya nyuma ya chombo, lakini nakuhakikishia nusu ya watu watakaosikia hawalijui hilo neno, na watoto wakisikia "amelala juu ya mto" wanawaza mto wa maji. Ni mto wa kulalia. Mwili wa Bwana umechoka, umelala usingizi wenyewe, na hiyo peke yake ni neno.

Alafu endelea kusoma kwa sauti, sikio litakamata kitu ambacho jicho limeruka. Mstari wa 37, dhoruba kuu. Mstari wa 39, shwari kuu. Mstari wa 41, hofu kuu. Neno "kuu" mara tatu, na hata kwenye Kigiriki alichoandika Marko ni neno moja linarudiwa. Na angalia hofu kuu imekuja lini, imekuja BAADA ya bahari kutulia. Waliogopa maji, lakini walipoona maji yamemtii mtu wakaogopa zaidi. Mahubiri yako yako hapo, na umeyapata bila kitabu chochote cha ziada.

Andika kila swali linalokujia, hata la kitoto. Maswali yako ndo maswali ya msikilizaji.

JUMATANO: muktadha, na kujichuja

Sasa ndo fungua vitabu, itifaki ya Biblia (kile kitabu kinachoorodhesha maneno na mistari yanapopatikana), kamusi ya Biblia, fafanuzi kama unazo, na uulize: nani anasema, anamwambia nani, kwa nini, na kabla ya hapo kulikuwa na nini. Nitaomba unisikilize vizuri hapa maana hapa ndo tunapowapotosha watu kwa nia njema kabisa.

Wafilipi 4:13, "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu". Tunautumia kwa mitihani, biashara, kila kitu. Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mstari wa 12 hapo juu anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mambo yote anayoyaweza ni kubaki na Kristo akiwa amepungukiwa. Ukimhubiria hivyo aliyekosa, umempa chakula. Ukimhubiria kwamba hawezi kukosa, akikosa atadhani Mungu amemuacha.

Yeremia 29:11 ndo zaidi. Mawazo ya amani, tumaini. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unasema miaka 70, na mstari wa 5 wanaambiwa wajenge nyumba na wapande bustani hukohuko. Sasa rudi sura ya 28 uone kuna nabii anaitwa Hanania aliyekuwa anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatarudi, na Yeremia akamwambia Bwana hakukutuma. Ndugu yangu, ukisimama na 29:11 ukawaambia watu mwezi huu hautaisha kabla mlango haujafunguka, umeshika barua ya Yeremia lakini unahubiri ujumbe wa Hanania. Hili huwa linanitisha kila nikiandaa neno.

Alafu jichuje na vitu tulivyovizoea ambavyo havimo. Mathayo 2 haisemi mamajusi walikuwa watatu, zawadi ndo tatu. Matendo 9 haina farasi, Sauli alianguka chini basi. Lango la Yerusalemu lililoitwa tundu la sindano ambalo ngamia anapita akipiga magoti halina ushahidi, na linaharibu maneno ya Yesu mwenyewe aliyesema kwa wanadamu haiwezekani. "Mungu humsaidia anayejisaidia" haimo kokote. Fedha sio shina la mabaya, 1 Timotheo 6:10 inasema kupenda fedha. Ni vitu vidogo vidogo, lakini mshirika akikukamata kwenye kidogo ataacha kukuamini kwenye kikubwa, na ana haki.

ALHAMISI: sentensi moja

Kama utafanya jambo moja tu katika yote niliyoandika, fanya hili. Andika mahubiri yako yote kwa sentensi moja. Sio kichwa cha somo, sentensi kamili inayosema jambo.

Niwaonyeshe inavyoenda na Marko 4. Jaribio la kwanza mtu anaandika "Imani wakati wa dhoruba". Hiyo ni mada, haijasema kitu. Jaribio la pili "Yesu atatuliza kila dhoruba ya maisha yako". Hii inasikika vizuri na utapigiwa makofi, lakini fungu halijaahidi hivyo. Paulo alimtumikia Bwana huyuhuyu na 2 Wakorintho 11:25 anasema "mara tatu nalivunjikiwa jahazi". Mara tatu! Bahari haikutulia. Kama sentensi yako ingemfanya Paulo aonekane hana imani, irudishe ukaitengeneze. Jaribio la tatu, baada ya kuangalia tena mstari wa 41 wanapoulizana "ni nani huyu, basi": "Wanafunzi waliogopa dhoruba kwa sababu walikuwa bado hawajamjua waliye naye chomboni." Hiyo imetoka kwenye andiko, inamhusu Kristo kwanza, alafu mtu yeyote mwenye dhoruba anaweza kuingia ndani yake, aliyetulizwa na ambaye bado.

Ipime kwa njia hizi. Je unaweza kuisema kwa pumzi moja? Mtoto wa miaka kumi akiisikia anaweza kukurudishia kwa maneno yake? Mtu akikuuliza imetoka mstari wa ngapi unaweza kuonyesha kwa kidole? Ukishindwa mojawapo usiendelee kuandika chochote, kaa hapohapo. Mi kuna wiki nimekaa na sentensi mpaka Ijumaa jioni, na hizo ndo wiki ambazo neno lilitoka jepesi.

IJUMAA: jenga

Fuata njia ya andiko lenyewe. Kwa hili letu vituo vimeshajitokeza, dhoruba kuu, shwari kuu, hofu kuu. Hutafuti pointi tatu zinazoanza na herufi moja, fungu lingine lina vituo viwili, lingine ni swali moja na jibu lake. Kila kituo fanya hivi: soma mstari, eleza unasema nini, toa picha moja, alafu gusa maisha, kisha songa. Chochote ambacho hakiitumikii ile sentensi kitoe hata kama ni kitamu, kiandike kwenye daftari la akiba kitapata Jumapili yake.

Picha na mifano. Mfano mzuri ni mfupi na unatoka kwenye maisha ya wanaosikiliza. Yesu alitumia mbegu, chachu, taa, kondoo, vitu ambavyo msikilizaji alivigusa asubuhi hiyohiyo. Sheria zangu ni chache ila sizivunji: usitoe siri ya mtu aliyekuja kwako kwa ushauri hata ukificha jina, maana yeye yupo amekaa pale na anajijua. Usisimulie hadithi ya kutunga kama imetokea, sema "chukulia kuna mama mmoja", hakuna atakayekulaumu. Kisa cha kwenye simu kilichosambazwa bila chanzo kiache. Na usiwe we ndo shujaa wa kila ushuhuda.

Matumizi, yaani watu wafanye nini. Hapa tunakuwa wepesi mno, tunasema "tumtegemee Mungu zaidi" tunaketi. Andika pembeni watu wanne unaowajua kwenye kusanyiko lako: aliyefiwa, kijana anayetafuta kazi, mtoto, na ambaye hajampa Kristo maisha yake. Waombee kwa majina. Alafu jiulize hili neno linamwambia nini kila mmoja siku ya Jumatatu asubuhi. Kwa Marko 4 ningemwambia aliyefiwa kwamba kile kilio cha mstari wa 38, "si kitu kwako kuwa tunaangamia?", wanafunzi walimlilia Yesu hivyo na hakuwatupa nje ya chombo, kwahiyo nenda nyumbani ukaombe hata ukiwa na hasira. Hicho ni kitu anaweza kukifanya leo usiku.

Alafu andika kwa ajili ya masikio. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Angalia hii:

"Simulizi hii inadhihirisha ukuu wa kimamlaka wa Kristo juu ya nguvu za asili, sambamba na udhaifu wa kiimani wa wanafunzi."

Na hii:

"Wanne kati ya wanafunzi wale walikuwa wavuvi. Bahari ile ilikuwa kazini kwao. Upepo wanaujua. Usiku huu wameogopa kufa. Na Yesu, amelala."

Jambo ni lilelile, lakini la pili unaliona. Maneno mazito ya imani kama utakaso, upatanisho, kuhesabiwa haki usiyafute, ni hazina yetu, ila kila ukilitaja lieleze kwa sentensi moja ya kawaida kana kwamba kuna mgeni wa siku ya kwanza, na mara nyingi yupo. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 14 kwamba tusipotoa neno lililo dhahiri tunanena hewani.

Dakika ya kwanza na dakika ya mwisho ziandike neno kwa neno. Katikati unaweza kuwa na muhtasari tu, lakini mwanzo ndo watu wanaamua kama wanakusikiliza, salamu za dakika saba na kutambulisha familia zinakula ule utayari wote. Na mwisho usipouandika utazunguka kama ndege iliyokosa uwanja, "namalizia", "neno la mwisho", "kabla sijaketi".

JUMAMOSI: sema kwa sauti, umesimama

Washa saa ya simu, hubiri yote ukiwa peke yako. Dakika 25 mpaka 30 kwa ibada ya kawaida mi naona zinatosha kabisa, kama kanisa lenu limezoea zaidi sawa ila usijaze muda kwa sababu upo. Pale ulimi unapokwama badilisha neno. Pale we mwenyewe umechoka, kata.

Fanya mazoezi ya kusoma ANDIKO pia. Inaniuma sana hii, mtu ameandaa vizuri alafu anasoma Neno la Mungu haraka haraka kama matangazo, majina yanamshinda, anakimbilia "maneno yake". Nehemia 8:8 walisoma kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana, watu wakayafahamu yaliyosomwa. Utaratibu wote wa mahubiri uko kwenye mstari huo. Ile sehemu ndo pekee ya ibada ambayo una uhakika hakuna kosa ndani yake, isomee watu kama umeipenda.

Kama utakuwa na mkalimani mpe fungu, sentensi yako na maneno magumu leo, usimshtukize kesho. Na ukihubiri mpe sentensi fupi iliyokamilika, ukimkatia katikati kitenzi kiko upande huu na mtendwa upande ule anabaki anakisia.

JUMAPILI

Fika mapema, jaribu maiki, lala mapema jana yake. Ukianza, anza chini, sauti ina pa kupanda. Kupiga kelele dakika 30 mfululizo kunafanya hakuna kilicho kikubwa. Baada ya "Nyamaza, utulie" nyamaza na wewe, sekunde tatu, utasikia kanisa limesimama. Angalia watu machoni, pande zote, na waliokaa nyuma. "Mwambie jirani yako" mara moja inatosha, na iwe kwa ajili ya kurudia ile sentensi. Ukiona umewapoteza usiongeze sauti, rudi kwenye Biblia, sema "tuangalie tena mstari wa 41", watu wakiinamia kurasa mnakuwa pamoja tena.

Ukimaliza, maliza. Usihubiri upya ndani ya maombi ya kufunga.

BAADA YA IBADA

Usiulize "nilihubirije", utaambiwa ubarikiwe mtumishi. Uliza watu wawili, mmoja mtoto au kijana, "neno la leo lilikuwa linasema nini?" Wakikupa ile sentensi yako kwa maneno yao, mshukuru Mungu. Wakikupa mfano wako bila andiko, mfano ulikuwa mkubwa mno, andika hilo kwenye daftari. Jirekodi kwa simu usikilize Jumanne, sio siku hiyohiyo.

Na ukigundua ulikosea, rudi useme. Mi niliwahi kuhubiri Mathayo 25 nikafundisha talanta ni vipaji, kuimba, kuongea, kuchora, mpaka nikaita vijana mbele tuombee talanta zao. Miezi kadhaa baadaye nikiandaa fungu jingine nikasoma kwamba talanta zama zile ilikuwa uzito wa fedha, moja ni sawa na dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua wa siku moja kama Mathayo 20:2 inavyoonyesha, yaani karibu miaka 20 ya kazi. Nikarudi kwenye mstari wa 15 nikakuta ilikuwa imeandikwa muda wote ule, kila mtu alipewa "kwa kadiri ya uwezo wake". Uwezo walikuwa nao tayari, talanta ikaja juu yake. Kumbe hata yule wa talanta moja alikuwa amekabidhiwa mali ya kutisha, na mi niliwaambia watu alipewa kidogo.

Jumapili iliyofuata kabla ya kusoma somo la siku niliwaomba wafungue Mathayo 25, nikawaonyesha nilipokosea, dakika nne hivi, kisha tukaendelea. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata nje baadaye, nikajiandaa kukemewa, akafungua Biblia yake akanionyesha pembeni ya ule mstari: alikuwa amekata maneno niliyofundisha mara ya kwanza kwa kalamu, akaandika mapya chini yake na tarehe.